Manyoya Katika Kitambaa Cheupe

Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na sita na vidole vyangu vyote kumi, jambo ambalo kwa fundi wa brashi si la kudharau. Siku ya mwisho, ninyi mnaobaki karakanani mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani. Nimekaa mezani majuma matatu. Habari za vyeo nimeziacha, kwa sababu karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na patroni, yaani mwenye karakana, na cha patroni kilikuwa na mtu. Mshahara nao nauacha. Nitaandika juu ya manyoya, juu ya watu wawili niliofanya nao kazi, na juu ya juma moja la wakati wa vita ambalo sijalieleza lote hata nyumbani kwangu.

Nilifika mtaa wa viwanda, huku chini karibu na bandari ya Bujumbura, nikiwa na miaka kumi na tisa. Karakana ilikuwa banda la mabati lenye mlango mmoja wa mbele na ua nyuma. Ndani kulinuka gundi, mbao za mikaratusi na maji yaliyochemshiwa nywele. Mzee Ramadhani, fundi mkongwe, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa anatoboa mgongo wa brashi ya kufulia. Hakuniuliza jina.

"Nyoosha mukono," alisema. "Funga macho."

Akaweka unywele mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Ya ng'ombe ao ya mbuzi?"

"Ya mbuzi, Muzee."

"Ni ya kwangu, ya ndevu. Kesho utaanza kufagia."

Wengine walicheka, nami nilifagia miezi miwili. Lakini kila jioni kabla ya kufunga alinipa unywele mwingine. Alinifundisha kuuvuta kutoka shinani kwenda nchani, halafu kurudi. Ukienda na mwelekeo wake unateleza. Ukirudi kinyume unakwaruza, kwa sababu unywele wa kila mnyama una magamba madogo yanayotazama nchani. Jicho halioni magamba hayo. Kidole kinayasikia, mradi uwe na subira na usiwe na jeraha.

Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nilijisomesha mwenyewe. Nilipata kitabu cha biolojia kisicho na jalada, na kioo cha kukuzia kilichotolewa kwenye kamera mbovu. Jumapili nilitazama kila kitu chenye manyoya magumu. Nyuki ana brashi miguuni ya kukusanyia chavua, na wakati wa mapumziko utamwona akijifuta kichwa kama mtu anayetoka saluni. Nyungunyungu unamwona mtelezi, lakini mweke juu ya karatasi kavu, kaa kimya, utamsikia akikwaruza: ana vijimanyoya tumboni anavyoshikia udongo. Sharubu za paka hazifai kwa brashi. Nilijaribu kuthibitisha, na paka hakukubali.

Aliyeshinda wote ni nguruwe. Manyoya ya mgongo wake, hasa ya shingoni, ni manene shinani na yanapungua polepole, halafu nchani hayamaliziki kwa ncha moja. Yanapasuka, mara mbili, mara tatu, kama njia inayofika sokoni. Rangi inakaa ndani ya mpasuko huo na kutoka kidogo kidogo. Ndiyo sababu brashi ya mpaka rangi ya nguruwe hupaka ukuta bila michirizi, na ya nailoni humwagia rangi viatu vyako. Waliowauzia brashi za nailoni kwa maneno mazuri hawajawahi kupaka dari.

Sasa, nusu ya mafundi wetu walikuwa Waislamu. Hapa ndipo ilipo desturi ambayo ninyi hamkuikuta. Kazi ya nguruwe ilifanywa na Wakristo wawili, mimi na Leonidasi. Leonidasi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Yeye aliyachukua manyoya kwa wafugaji wa Kamenge, mtaa wa juu ya mji alikokaa, akayaosha na kuyachemsha. Mimi niliyachambua kwa urefu. Yakiwa tayari tuliyafunga katika kitambaa cheupe kizito, fundo juu, ili Mwislamu akihitaji kusogeza mzigo aushike kwa fundo bila kugusa kilichomo. Meza ya nguruwe ilikuwa peke yake uani. Jina la mnyama halikutajwa; tulisema "mali ya Leonidasi". Hakuna aliyeandika kanuni hiyo ukutani, na kwa miaka yote niliyoifuata hakuna aliyegombana juu yake.

Mimi, kwa kupenda kutengeneza mambo, niliiboresha. Niliongeza kitambaa cha pili. Nilimwomba Leonidasi aoshe mara tatu kwa sabuni na majivu mpaka harufu iishe kabisa. Yakitoka pale yalikuwa meusi, safi, yamelala sawa kama yamechanwa na mama. Mzee Ramadhani aliushika mzigo wa kwanza kwa fundo, akanusa kwa mbali, akasema, "Hii ni heshima." Nililala vizuri usiku huo. Niwaambie mapema kwamba usafi ule ulikaribia kutuua.

Vita vilipokuja sikujua kuwa ni vita. Kwanza ilikuwa watu kutofika kazini, mmoja Jumatatu, wawili Alhamisi. Sitaandika nani alikuwa kabila gani. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawatafaidika. Mitaa ilijigawa. Mtaa ulioandikwa kwenye karangamuntu yako, yaani kitambulisho, ulitosha kukuhukumu ukisimamishwa mahali pasipo pako. Zilikuja siku za mji kufa, ambazo vijana waliweka mawe na magogo barabarani na kuamuru kila kitu kifungwe. Siku hizo hata mbwa walijua; hawakuvuka barabara.

Katika mwaka wa pili Kamenge ilianza kumalizika watu. Mke wa Leonidasi na watoto walivuka ziwa hadi Kigoma. Yeye alibaki ili amalize kazi kidogo awafuate, halafu nyumba yake ikaungua na njia zikafungwa. Akawa analala karakanani, nyuma ya stoo ya mbao, kwa ruhusa ya patroni. Karangamuntu yake ilisema Kamenge, na ile barabara ya viwanda kwa wakati huo ilikuwa mikononi mwa watu ambao neno hilo lilitosha kwao. Kwa hiyo hakutoka nje. Tulimletea chakula. Nilipofika asubuhi nilipiga mlango mara nne, naye alifungua akiwa ameshika nyundo.

Siku moja patroni alitukusanya. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na siku hiyo ilikuwa ndogo zaidi.

"Manyoya yamekwisha," alisema. "Nikikosa mengine mpaka mwisho wa juma, nafunga mpaka amani irudi."

Hakuna aliyemtazama Leonidasi, lakini wote tulikuwa tunamfikiria. Karakana ikifungwa, mlango ungefungwa kwa kufuli kutoka nje, naye angekuwa barabarani.

"Kuko mali yangu juu," alisema Leonidasi. "Nilichemsha kabla ya nyumba kuungua. Iko mu stoo ya mufugaji, mwisho wa mtaa. Hakuna mwengine anajua mahali."

"Nielekeze mimi niende," nikasema.

"Huwezi kuifikia. Njia za zamani zimezibwa. Tunaenda wawili ao hatuendi."

Tulipanga hivi. Kwenda juu, yeye angetangulia, kwa sababu watu wa huko walimjua. Kurudi chini, mimi ningetangulia. Tulipita kwenye korongo asubuhi, tukaikuta stoo, tukayakuta manyoya yote kwenye gunia la wazi, yakiwa na vumbi na harufu yake kidogo. Leonidasi akataka kuinua gunia kama lilivyo. Mimi nilikuwa nimebeba vitambaa viwili vyeupe mfukoni.

"Tufunge kabisa," nilimwambia. "Tukifika Muzee atusaidie kupokea."

"Huku?"

"Dakika tano tu."

Tukayakung'uta, tukayasuuza kwenye pipa la maji ya mvua, tukayaanika kwenye bati la moto, tukayafunga vitambaa viwili na fundo juu. Ilichukua saa nzima. Nilikuwa naogopa tangu alfajiri, na mikono inapoogopa inapenda kazi inayoijua. Hayo ndiyo maelezo pekee niliyonayo.

Leonidasi aliuweka mzigo kichwani. Tulishuka. Karibu na mtaa wa viwanda, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kitu, tulikuta gogo limelazwa barabarani na vijana saba au wanane. Kiongozi wao alikuwa na umri kama wangu, shati la kiraia, na miguuni mabuti ya jeshi yaliyojaa vumbi jekundu. Kurudi nyuma haikuwezekana tena.

"Munatoka wapi?" aliuliza mwenye mabuti.

"Tunaenda kazini, chef," nilijibu, neno la Kifaransa la kumwita mkubwa. "Tunabeba vifaa."

"Mi naona munatoka juu. Juu kuko kazi gani siku hizi?" Akautazama mzigo kichwani kwa Leonidasi. Kitambaa cheupe, fundo juu, umbo la mviringo lenye urefu wa mkono. Uso wake ukabadilika. "Shusha. Mumefunga mutoto wa nani humo?"

Ndipo nilipouona mzigo wetu kama alivyouona yeye. Miaka yote sikuwahi kufikiri kwamba unafanana na sanda.

Kijana mmoja aliyeitwa Saidi alifungua fundo la kwanza, halafu la pili. Akatia mkono, akautoa upesi na shungi la manyoya meusi, safi, yaliyochanwa.

"Ni nywele," alisema. "Chef, ni nywele za mutu."

Wengine wakasogea. Nikasikia panga likikwaruza lami.

"Apana, chef," nilisema. "Ni manyoya ya nguruwe. Tunatengeneza brashi."

"Nguruwe gani inaoga hivi? Hata harufu haina."

"Tunaosha mara tatu. Na kuchemsha."

"Munachemsha," alirudia polepole.

Nilitakiwa ninyamaze. Lakini mimi, nikiogopa, najieleza. Na nikijieleza, napenda kumaliza.

"Tazama ncha, chef. Kila moja inapasuka mbili ao tatu. Nywele ya mutu haipasuki hivi, iko na ncha moja. Mi nimelinganisha na kioo."

"Umelinganisha na ya nani?"

"Ya kwangu."

"Ya kwako peke yake?"

"Na zingine nilichukua kwa kinyozi."

"Kinyozi gani? Iko wapi?"

"Alikufa," nilisema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Leonidasi alikuwa amesimama pembeni, mikono ikining'inia, anatazama chini. Mwenye mabuti aliinua unyoya mmoja juani, akafinya jicho. Ncha hizo kwa jicho tupu huzioni. Mimi mwenyewe nilihitaji kioo, na kioo kilikuwa nyumbani. Nilifikiri juu ya moto. Nailoni ikiungua huyeyuka kuwa shanga, lakini nguruwe na mtu wakiungua wananuka sawasawa. Nikapitia yote niliyojifunza Jumapili baada ya Jumapili, sikupata hata moja la kutusaidia.

"Huyu professor anajua sana nywele za batu," mwenye mabuti aliwaambia wenzake. Hakucheka. Kisha akaniuliza: "Kwenu kazini kuko Mwislamu?"

"Kuko Muzee Ramadhani wa Buyenzi."

"Ile ni nzuri. Mwislamu hata akiota nguruwe anaamka. Huyo ndiye atasema ni nini. Akisema ni nguruwe, mutapita. Akisema hajui," na akatazama gogo lililolazwa barabarani, "basi tutajua sisi."

Walitupeleka kwa miguu, Leonidasi na mzigo kichwani tena, mimi mbele yake. Ni mwendo wa dakika kumi. Katika dakika hizo nilielewa jambo ambalo mwenye mabuti hakulijua. Mzee Ramadhani hakuwahi kuona ndani ya kitambaa kile. Hata siku moja. Desturi yetu yote ilikuwa hiyo, asione. Na katika miaka yangu pamoja naye sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata kwa mnunuzi. Nilitaka kumwambia Leonidasi akimbie. Nilipogeuka, Saidi alinisukuma kwa ubapa wa panga.

Mzee alikuwa mlangoni, pengine alituona tangu kona. Alivua miwani.

"Assalamu alaykum," aliwaambia.

Saidi peke yake alijibu, kwa sauti ya chini.

"Muzee," alisema mwenye mabuti, "mu kitambaa hii kuko nini?"

"Sijui."

Nikashika nguzo.

"Hujui? Si mali ya kazi yenu?"

"Ni mali ya kazi. Mi sijaifungua hata mara moja. Umeniuliza nini iko ndani, nakwambia sijui." Akavaa miwani tena. "Sasa fungua niangalie, halafu uniulize tena."

Walifungua vitambaa juu ya meza yake. Mzee alikunja mikono ya shati hadi viwikoni, kama mtu anayetaka kutawadha. Akatia mkono wa kulia ndani ya manyoya, akachukua unyoya mmoja, akafumba macho. Akauvuta kutoka shinani kwenda nchani. Akaurudisha. Akachukua mwingine. Hakuharakisha. Nje gari lilipita na hakuna aliyeligeukia.

"Siyo ng'ombe," alisema, macho yamefumbwa. "Siyo mbuzi. Siyo mutu."

"Siyo mutu, unajuaje?"

"Mi ni mwosha maiti kule Buyenzi, mwaka wa makumi mbili huu. Nawaosha kichwa, nawachana. Nywele ya mutu naijua kwa mukono, ya muzee, ya mutoto, ya mugonjwa." Alifumbua macho akamtazama. "Mwaka huu nimeosha vijana wa umri wako wengi, mwanangu. Hii siyo wao."

Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja na sikujua. Nilijua kwamba siku nyingine huomba ruhusa ghafla na kurudi akinuka kafuri. Nilidhani ni dawa ya kifua.

"Basi ni ya nini?" mwenye mabuti aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ni ya ile nyama sisi hatuli. Ya mugongo, karibu na shingo. Ni dume." Akaurudisha unyoya mahali pake. "Sasa umenifanya niishike."

Mmoja wa vijana alianza kucheka. "Saidi, na we umetia mukono mpaka kiwiko!"

"Nyamaza," Saidi alisema, akijifuta kwenye suruali.

"Muambie mama yako asikupe chakula leo!"

Wakacheka wote isipokuwa Saidi na mwenye mabuti. Mzee alimwita Saidi kwa kidole, akamwambia taratibu, "Njoo uani. Mara saba, na moja ya udongo. Nitakuonesha." Na yule kijana, na panga lake, alimfuata Mzee Ramadhani uani wakanawa pamoja, nami nikiwachotea maji.

Tuliporudi ndani, mwenye mabuti alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, anatazama mabuti yake.

"Mutanitengenezea brashi ya viatu," alisema. "Nzuri. Ya hii hii. Nakuja Ijumaa saa nane." Akasimama, akapita karibu na Leonidasi, akasimama tena. "Na we, murefu. Ijumaa unioneshe karangamuntu yako. Leo nimechoka."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Sitawachosha na Jumatano. Mzee alikuwa na jirani mpakiaji mizigo bandarini, na jirani huyo alijua meli ya mizigo iliyokuwa inapakia kwenda Kigoma, ambayo ilisemekana ingeondoka Ijumaa saa tisa mchana. Tulikubaliana kwamba Leonidasi aingie bandarini Ijumaa saa sita, wakati barabara zina watu wengi wanaokwenda msikitini, akiwa na katoni ya brashi begani kama anayepeleka mzigo. Mzee angetembea naye mpaka getini. Mimi ningebaki karakanani, kwa sababu brashi ya viatu ilitakiwa iwepo, na mtu wa kuikabidhi.

Niliitengeneza Alhamisi. Nilitoboa matundu mia moja na ishirini kwenye mgongo wa mkaratusi, nikavuta shungi moja moja kwa waya. Sikuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule. Leonidasi alikaa mbele yangu akichambua, kama siku zote.

"Usifanye ngumu sana," aliniambia. "Itakwaruza ngozi ya buti."

"Ikikwaruza, iache ikwaruze."

"Apana. Fanya nzuri. Akifurahi, atakaa kidogo aitazame. Mi nahitaji dakika."

Ijumaa aliondoka saa sita kasoro. Tulishikana mikono tu. Katoni begani, kofia ya Mzee kichwani. Mzee alirudi baada ya sala akasema, "Ameingia," akaenda kwenye meza yake akaanza kutoboa. Patroni alikuwa ameagiza wengine wasije.

Saa nane kamili mwenye mabuti alifika, peke yake. Nikampa brashi. Aliipapasa, akaipima mkononi, akapitisha manyoya nyuma ya kiganja.

"Ni nzuri, professor. Na ule murefu?"

"Amepeleka mzigo kwa mununuzi."

"Anarudi?"

"Anarudi."

"Nitamungoja."

Akavuta kigoda akakiweka mlangoni, akakaa, akaanza kupiga brashi mabuti yake. Kushoto, kulia, halafu kisigino. Niliendelea kuchambua. Kazi ya kuchambua ina sauti ndogo sana, na ya brashi juu ya ngozi ina sauti ndogo pia, na kati ya sauti hizo mbili nilitega sikio upande wa bandari. Saa tisa ikafika. Nilikuwa nangoja honi ya meli. Haikulia. Saa tisa na nusu. Mabuti yalikuwa yameshang'aa, na yeye akaanza upya.

"Anakaa wapi, ule?"

"Hapa hapa chini," alisema Mzee bila kuinua kichwa. Ilikuwa kweli. Alikuwa akikaa nyuma ya stoo ya mbao.

"Ana uso wa juu."

Mzee akaendelea kutoboa.

Saa kumi honi ililia kutoka bandarini, mara moja, ndefu, mabati ya paa yakatetemeka. Mwenye mabuti alisimamisha brashi hewani.

"Hiyo ni meli ya Kigoma?"

"Sijui, chef," nilisema.

"We si unajua kila kitu?"

"Mi najua nguruwe."

Kisha akasimama, akaitia brashi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akasukuma kigoda pembeni kwa mguu uliong'aa. "Mwambie nilimungoja," alisema, akaenda zake kuelekea juu.

Tulisubiri mpaka alipopotea. Mzee alifunga mlango, akaketi chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu mzima sana. Nilipiga magoti kwenye mavumbi ya mbao nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba Leonidasi yuko majini. Mzee alisema amina.

Majuma matatu baadaye jirani wa Mzee alituletea barua kutoka Kigoma. Leonidasi alikuwa amewakuta mke na watoto wote. Aliandika kwa mpangilio, kama nilivyomfundisha kuandika lebo. Honi tuliyoisikia haikuwa ya meli yake. Yake ilikuwa imeharibika pampu. Saa kumi ile alikuwa amelala nyuma ya makreti ya bia, upande wa pili wa ukuta wa bandari, mahali ambapo kutoka mlangoni petu mtu mwenye mabuti mazuri angefika kwa miguu bila kuchoka, na meli iliondoka kesho yake saa kumi na mbili asubuhi.

Nilihesabu. Nilikuwa nimemshukuru Mungu saa kumi na nne kabla ya wakati.